Mzee Vua na Kiti cha Tisa

Umewahi kudanganya urefu wa mwanao?

Usinijibu haraka. Najua wengi mtasema hamwezi, na wengi wenu ni watu wema, mnaolipa ada kwa wakati na kuwasalimu wazee barabarani. Lakini nimefanya kazi miezi saba kwenye bustani ya bembea, na nimeona jinsi mtu mwema akishakata tiketi anavyouacha wema wake getini kama mwavuli, auchukue wakati wa kutoka.

Niliingia pale nilipomaliza chuo. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na hasira, na sikuwa na kazi. Chuoni nilikuwa mtu wa kupanda juu ya meza na kuwahutubia wenzangu kuhusu heshima ya mfanyakazi. Bustanini nilipewa fulana ya njano na filimbi, na wafanyakazi wenzangu wakanibandika jina la Msomi, kwa namna ile ile mtu anavyomwita kijibwa chake Simba.

Wiki ya kwanza tu nilimwona mwanamume mwenye tai akikojoa ndani ya boti ya bata, mkewe amemkinga kwa mkoba. Nilimwona bibi wa watu akisimamishwa juani saa mbili nzima ashike nafasi kwenye foleni, wanawe wako kivulini na aiskrimu. Alipofika mbele wakamwambia, "Asante mama, sasa kakae na mizigo." Niliwaona watu wazima, wenye ndevu zao, wakimvamia sungura wetu. Ndani ya vazi lile la sungura alikuwamo dada mmoja mpole asiyeweza kumuudhi hata inzi. Wakamng'oa kichwa ili watoto wao waone kwamba sungura ni mwongo. Watoto walilia. Baba zao walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Hayo ni ya Musa," aliniambia shangazi wa tiketi, mama mnene aliyekaa dirishani na kujua habari za kila mtu. "Ya Firauni yako kule kwenye Kimbunga, kwa Mzee Vua. Nenda ukayaone."

Kimbunga kilikuwa duara kubwa la viti ishirini na vinne vinavyoning'inia kwa minyororo. Kila kiti kina chuma kinachoshuka mbele ya mpandaji na kujifunga kwa mlio wa *tak*. Pembeni yake kuna ubao mrefu uliochorwa twiga, na begani kwa twiga kuna mstari mwekundu. Kichwa chako kikifika begani, unapanda. Kisipofika, rudi mwakani.

Mzee Vua ndiye aliyekuwa akipima na kuwasha. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini, na viatu vyeusi alivyovipaka rangi kila asubuhi hata kama mvua inanyesha. Mashine ile aliijua kwa sikio. Angeweza kusimama amefumba macho akasema, "Mnyororo wa kumi na tano unataka grisi," nasi tukaukuta umekauka kweli. Alikuwa akiishi na binti yake mshonaji katika vyumba viwili nyuma ya gereji, na wajukuu zake watatu hawakuwahi kukanyaga bustanini, ingawa sisi wafanyakazi tulipewa tiketi za bure za kutosha.

Jina lake lilitokana na kauli yake. Kila mtoto aliyefika mbele ya twiga alimwambia, "Vua viatu, mjukuu wangu."

"Viatu vya nini, mzee? Hapa msikitini?" watu walikuwa wakimtania.

"Vua tu, baba. Sakafu ni safi."

Waliotania walikuwa wachache. Wengi walitukana. Walimwita mchawi, mshamba, zee lisilojua uchungu wa mwana. Mama mmoja alimmwagia soda kifuani. Na kweli, ndani ya viatu vya watoto nilikuja kuona maajabu: magazeti yaliyokunjwa, sifongo za kuoshea vyombo, nusu ya kandambili iliyokatwa kwa kisu ikae sawa. Fikiria mtu amekaa nyumbani kwake, jikoni, na kisu, akikata kandambili.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ya Mzee Vua nisiyoyaelewa. La kwanza, kabla ya kumtazama mtoto aliwatazama wazazi, na hakuwatazama usoni. Alitazama vifundo vya miguu yao. La pili lilikuwa kiti cha tisa. Alikifunga kwa kitambaa cheusi na hakuna aliyekikalia. Hata hivyo, kila mzunguko, kabla ya kufunga chuma cha mtu yeyote, alikwenda kwanza kwenye kiti kile kitupu, akashusha chuma chake. *Tak.* Kisha akakitikisa mara mbili kuhakikisha.

"Mzee," nilimuuliza siku moja, "hiki kiti nimekijaribu. Ni kizima."

"Kizima."

"Sasa mbona hakikaliwi?"

"Kina mtu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo nilianza kusikia ule mlio hata nikiwa kitandani.

Shangazi wa tiketi ndiye aliyenipa habari. Miaka kumi na moja iliyopita mtoto wa kiume alichomoka chini ya chuma cha kiti cha tisa Kimbunga kikienda kasi, akafa. Uchunguzi ukasema chombo kilikuwa sawa, mtoto alikuwa mfupi, mpimaji alizembea. Mzee Vua alikuwa fundi mkuu wa mitambo yote, na siku ile yeye ndiye aliyepima. Akashushwa hadi mpimaji wa Kimbunga peke yake, kama adhabu.

"Ndiyo maana anasumbua watu na viatu," alisema shangazi. "Dhamiri, mwanangu. Mwenye kosa halali."

Basi nikamhukumu na mimi. Nikasema moyoni, alizembea, sasa anawatoza wengine deni lake.

Meneja alikuwa amemchoka. Malalamiko dhidi ya Mzee Vua yalijaza faili. Mwezi ule alimwita mbele yetu sote akamwambia, "Mzee, umebakiza miezi mitano ustaafu. Lalamiko lingine moja tu, unaondoka, na mafao yako ya miaka ishirini na sita yanaota mbawa. Pima watu kwa mstari. Mambo ya viatu acha."

"Nimesikia, bosi," alijibu Mzee Vua. Nikadhani amekubali.

Jumamosi iliyofuata, mchana, bustani ikiwa imefurika, alikuja baba mmoja mkubwa wa mwili, suruali iliyopigwa pasi, viatu vya ngozi vinavyong'aa. Alikuwa amekodi nusu nzima ya bustani kwa sherehe ya watoto wa kampuni yake. Mkononi alimshika binti yake, mwenye gauni la bluu na raba mpya. Binti alisimama mbele ya twiga. Kichwa kikagusa mstari, sawasawa, kama kimepimwa kwa rula.

Mzee Vua alitazama vifundo vya yule baba. Nami nikatazama. Ndani ya viatu vile vya ngozi, miguu ilikuwa mitupu.

"Vua viatu, mjukuu wangu," alisema.

"Amefika kwenye mstari," alisema baba. "Au wewe huoni?"

"Naona, baba. Avue tu."

"Mimi ndiye nimelipia hapa! Unajua mimi ni nani?"

"Sijui, baba. Hata ungekuwa nani, bado ningemwambia avue."

Foleni ikaanza kupiga miluzi. "Mzee, tupishe!" "Mwache mtoto wa watu!" Simu zikainuliwa juu, kila mtu anarekodi. Mzee Vua akapiga magoti taratibu, akafungua kamba za raba ya kushoto, akaingiza vidole, akatoa soksi nyeusi ya mtu mzima, imekunjwa mara nne. Akaishika juu.

Nilitarajia yule baba aone haya. Ningekuwa mimi ningetamani ardhi ipasuke. Yeye aliipokonya soksi ile, akamchapa nayo Mzee Vua usoni, kushoto, kulia. Watu walicheka. Nasema walicheka! Kina mama waliobeba watoto mgongoni walicheka. Yule binti peke yake ndiye aliyeziba macho.

Meneja alifika mbio. Hakuuliza kilichotokea.

"Mzee, toa ufunguo."

"Bosi, huyu mtoto ni mdogo."

"Toa ufunguo, vua na hiyo fulana. Umekwisha." Kisha akanigeukia, akanitupia ufunguo. "Msomi, washa."

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupapita harakaharaka. Mimi niliyepanda juu ya meza, niliyesema mfanyakazi mmoja akidhalilishwa wote wanyooshe mkono, nilikuwa na ufunguo mkononi na nafasi ya kumtetea mwenzangu niliyoililia miaka minne. Nilichowaza ni kodi ya chumba na mama yangu anayewaambia majirani kwamba mwanawe ana kazi.

Yule baba akataka kiti kilicho mbele ya kamera yake. Kilikuwa cha tisa. Akang'oa kitambaa cheusi mwenyewe, akampakia bintiye. Nikashusha chuma. *Tak.* Nikawasha.

Kimbunga huzunguka dakika nne. Mzee Vua alisimama nje ya uzio na fulana yake ya ndani, amefumba macho, anasikiliza minyororo. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mimi sikumwona mtoto mwingine yeyote angani, niliona gauni la bluu tu, linapita, linapita, na kila lilipopita nilidhani halitapita tena.

Lilipita. Kimbunga kikasimama. Baba akapiga makofi, foleni ikapiga makofi, meneja akanipiga bega. Nilipoinua chuma cha kiti cha tisa niliona kwamba yule binti hakuwa amekaa. Alikuwa amening'inia. Makalio yake yalikuwa nje ya kiti, mikono imekumbatia chuma, na chini ya kidevu kulikuwa na mstari mwekundu ambapo chuma kilikuwa kimemzuia.

"Nilishika kwa nguvu, anko," aliniambia kwa kunong'ona, kama anayeomba asichapwe.

Baba yake alikuwa akitazama video.

Jioni nilimkuta Mzee Vua kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anatoa vitu kwenye kabati lake. Nilisimama mlangoni.

"Alishuka salama?" aliuliza, ingawa alikuwapo.

"Alishuka, mzee. Lakini alikuwa ameteleza."

"Nilisikia. Mnyororo wa tisa ulikuwa unalia upande mmoja."

Akatoa mfuko mdogo wa nailoni, akaufungua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na soksi mbili za kijivu za mtu mzima, zimekunjwa mara nne, mikunjo imekakamaa.

"Za yule wa kwanza," alisema. "Alifika kwenye mstari, Msomi. Nilimpima mwenyewe, alifika. Alipoanguka nilifika mimi kabla ya mtu yeyote. Kiatu kimoja kimetoka, soksi hii iko ndani. Nikainua macho, baba yake yuko kwenye uzio, viatu vinang'aa, vifundo vitupu. Akaniona nimeona. Na nyuma yake mama mtoto anakuja mbio, hajajua lolote."

"Ukafanya nini?"

"Nikazitoa zote mbili, nikatia mfukoni."

"Kwa nini, mzee? Wakasema ulizembea! Miaka kumi na moja!"

"Yule mama angezikuta zile soksi, nyumba ile ingekuwa na misiba miwili," alisema. "Nikajisemea, mimi nitabeba. Sikujua uzito wake." Akaufunga mfuko. "Namfungia chuma kila siku. Najua hayupo. Lakini nisipofunga, naona anapanda hivyo hivyo."

Nikamwambia niandike barua, niite waandishi, tuwashtaki. Maneno yalinitoka kama moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

"Andika, mwanangu," alisema. "Lakini ufunguo ulikuwa nao mchana."

Kesho yake asubuhi nilifika mapema. Kwenye ubao wa twiga alikuwapo mchoraji na kopo la rangi, ametumwa na meneja. Alikuwa ameshafuta mstari wa zamani kwa rangi ya njano na sasa alikuwa akichora mwingine, vidole vinne chini ya bega.

"Hapa panatosha?" aliniuliza. "Bosi amesema watu waache kulalamika."

Kabla sijajibu alitokea Mzee Vua, fulana yake ya kazi imekunjwa mkononi, amekuja kuirudisha. Aliutazama mstari ukiwa bado unachuruzika. Alienda kwenye kiti cha tisa, akashusha chuma, akakitikisa mara mbili, akageuka kuondoka.

Geti lilikuwa limeshafunguliwa. Familia ya kwanza ilikuwa inaingia, baba, mama na mvulana mdogo mwenye viatu vya shule. Mzee Vua alisimama mbele yao, akapiga magoti, na bila neno akaanza kufungua kamba za yule mtoto. Mama akafungua mdomo apige kelele, kisha akaufunga, sijui kwa nini. Labda ni ule upole wa mikono ile. Alivua kiatu kimoja, akaingiza vidole mpaka mwisho. Akavua cha pili.

Hamkuwa na kitu ndani.

Akainua macho kwenye vifundo vya baba. Soksi zilikuwapo, safi, zimevutwa juu vizuri. Mzee Vua aliendelea kuzitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama miguu mitupu. Kisha akamvisha mtoto viatu vyake, akamfungia kamba kwa mafundo mawili mawili, akatoka getini.

Mvulana akakimbia hadi kwenye twiga, akajibandika ubaoni. Rangi mbichi ikamshika nyweleni, kwa maana kichwa chake kilikuwa kimeupita mstari mpya, ingawa bega la twiga lilikuwa bado juu yake.

"Ameufikia!" mama yake akashangilia. "Anko, umeona? Ameufikia!"