Litungu kwa Ndiwa

Jumamosi ile kulikuwa na harusi kwa jirani yetu Ndiwa. Tuliishi mlimani, juu ya Kapsokwony, sisi Wabukusu, yeye Msabaoti, na ng'ombe wetu walikunywa kutoka mto mmoja. Mjomba wangu Simiyu aliletewa kiti, akaegemeza litungu kifuani, akaanza kukaza nyuzi.

Mjomba alifundishwa kwamba mpiga litungu haanzi na bwana harusi. Huanza kwa kuwasalimia marehemu wa boma alimoketi, mmoja mmoja, kwa majina. Baada ya hapo ndipo watu wanapokula.

"Simiyu, fanya haraka bana!" Ndiwa alipaza sauti. "Hao hawali, na wali unapoa."

"Wenye boma kwanza," mjomba alimjibu. "Tumbo lako litangoja."

Mama yangu alicheka mpaka akamwaga chai.

Kisha mashamba yakagawanywa upya. Walionyimwa na waliopewa wakaanza kuviziana. Vijana waliingia msituni, wakatoka na bunduki. Ndiwa alikataa kuwapa mwanawe ajiunge nao. Walimpiga risasi mlangoni pake, na mkewe akakimbilia Endebess na watoto. Sisi tulikawia kwa sababu mahindi yetu yalikuwa bado shambani.

Mchana mmoja walitujia. Walikuwa wamekaa kwa Ndiwa, wamechinja ng'ombe wake. Walimtaka mama akawapikie, na mjomba akawapigie.

Nilishika leso ya mama njia nzima.

Mkubwa wao alikuwa amekalia kiti cha Ndiwa. "Mzee, leo utuimbe sisi," alisema. "Majina yetu si unayajua?"

Mjomba alikaza nyuzi. Akaanza kama siku zote. Akamsalimia baba yake Ndiwa. Akamsalimia mama yake. Akamsalimia ndugu yake aliyekufa kwa homa.

Halafu akamsalimia Ndiwa.



Walimkata sikio la kulia. Litungu walilitupa kwenye moto ambao mama alikuwa akiwapikia.

Tulihamia Kitale. Nilipokua nilimwuliza mjomba kama siku ile alisahau yuko mbele ya nani, au alikusudia. Alisema, "Wimbo unaanza hivyo."

Alijitengenezea litungu lingine, na vidole vyake vilikuwa vile vile. Lakini kwenye sherehe watu walitazama sikio. Mama mmoja mwenye harusi alimwambia, "Mzee, si uvae kofia? Ama ukae nyuma ya tenti, watoto wanaogopa." Mara nyingine aliitwa uwanjani kwenye siku ya utamaduni. Kiongozi alihutubia kwa muda mrefu, akasema sanaa ndiyo inayounganisha makabila. Mjomba alipoanza kuwasalimia waliokufa mlimani, kijana wa spika za muziki alimwinamia. "Mzee, fupisha. Hao si walishakufa?" Akafungua muziki wake juu ya wimbo wa mjomba.

Waliompigia makofi kiongozi ndio waliocheza.

Mjomba alifariki wakati wa mvua iliyopita. Tulimzika Kamukuywa, kwao. Aliyeitwa kupiga muziki alikuja na spika kubwa na jenereta. Hakuuliza marehemu wa boma lile ni akina nani.

Mimi nilikuwa nawajua wote. Mjomba aliniimbia majina yao tangu utotoni, na la mwisho sasa lilikuwa lake. Nilisimama niwataje. Watu wakanigeukia.

Niliketi bila kumtaja hata mmoja. Wali uliletwa ukiwa bado moto.