Mashini Niliyoijenga Mwenyewe, Mchumba Wangu Ameipeleka Kampala kwa Jina Lake

Admin, unifichie jina, maana Goma watu wanajuana na wote walio ndani ya kisa hiki wanafuata ukurasa wako. Nina miaka ishirini na tisa. Ni binti wa familia ya Kiislamu, wazee wetu walitoka Maniema kwa biashara, na papa, baba yangu, anauza vipuri vya pikipiki kule Birere, mtaa wa maduka. Nimeposwa, mahari imepokelewa, imebaki ndoa tu. Ninaandika nikiwa nimechoka. Hata hasira imeniishia.

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwenye kompyuta, ili mwenye kujenga aone sebule yake kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa. Kazi hiyo inataka mashini yenye nguvu. Nilikuwa nayo moja, ile kubwa ya mezani. Vita vilipokaribia tulikimbilia kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, na mutu hakimbii na mashini ya mezani kichwani. Tuliporudi tulikuta mlango umevunjwa. Meza iko, mashini haiko. Tena hapa kwetu umeme ukikatika unaufuata uliko: leo kwa jirani mwenye sola, kesho ofisini kwa mteja. Laptop niliyoazima ilikuwa inachemka na kuzimika katikati ya kazi. Nikajiambia nitajenga yangu, yenye nguvu za mashini ya mezani, lakini ya kubeba kwa mkono.

Ilichukua miezi mingi. Vipande nilivisaka Birere kimoja kimoja. Kioo nilikitoa kwenye laptop iliyokufa. Ile carte graphique, kadi inayotengeneza picha, niliitoa kwenye mashini kubwa iliyoharibika. Fundi wa kuchomelea alinikunjia bati la aluminium kwa vipimo vyangu, likawa kama valizi nene, sanduku la safari. Joto ndilo lilinitesa. Kila nilipofunga kifuniko, mashini ilifanya kazi kidogo kisha ikajizima. Nikatoboa matundu, nikahamisha feni, nikailaza kadi chali na kuiunga kwa waya mpana ili hewa ipite. Siku ilipofanya kazi mchana kutwa bila kuzimika, nilimwita mama aje aiguse. Akaweka kiganja, akasema, "Sasa iko baridi kama mutoto mwenye kupona homa." Nililia.

Wakati huo wote mchumba wangu, tumwite Ramazani, alikuwa karibu nami. Si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alinishikia taa, aliniletea chai, alinituliza kila nilipotaka kuvitupa vyote. Yeye anajua kuongea. Mimi najua kunyamaza. Mashini ilipokamilika akaipiga video, akaiweka mtandaoni na maneno haya: "Nimeijenga hapa Goma." Nilipomuuliza akacheka: "Nilitaka kuandika *tumeijenga*, kidole kimeteleza. Wewe na miye si mutu mumoja?" Nikaacha. Maneno hayakubadilishwa.

Video ile ikafika kwa kampuni moja ya Kampala. Wakamwita aende nayo. Mimi sikuulizwa. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta meza tupu na papa ameketi sebuleni.

"Nimemupatia," papa akasema. "Ni bwana yako. Akipata kazi, si ni wewe utakula?"

"Papa, ile ni yangu."

"Musichana, nyumba haijengwi na *yangu, yangu*."

Kesho yake mchana simu ya video ikalia. Ni Ramazani, jasho linamtoka, nyuma yake ukuta wa vigae vyeupe vya chooni. Anaongea kwa kunong'ona.

"Niko mu toilette. Wote wananingojea. Mashini haiko inawaka. Nisaidie, mama."

Admin, pale ningeweza kukata simu. Nilimtazama usoni, nikamwonea huruma. Nikauliza kama feni zinazunguka. Akasema zinazunguka, lakini kioo ni cheusi. Nikajua barabara imetikisa kitu.

"Izime kwanza. Fungua nyuma. Ule waya mpana utakuwa umechomoka kidogo, usukume mpaka ukae."

Akanitazama. "Waya gani mpana?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoumia, kuliko hata siku ya meza tupu. Miezi yote ile alinishikia taa, waya ule nikiuchomoa na kuurudisha mbele ya macho yake. Kumbe mwanga ulikuwa kwenye kazi yangu, macho yake hayakuwapo. Nikamweleza polepole, mpaka rangi ya waya. Akakata simu bila kuaga, maana mtu alikuwa anagonga mlango. Jioni ukaja ujumbe: "Alhamdulillah, wamenichukua!"

Sasa kampuni inataka ajenge nyingine, na yeye anataka ndoa iharakishwe. "Utakuja huku, utajenga nyumbani, miye nitapeleka. Hakuna mutu atajua." Nikamwambia nina sharti moja tu, awaambie leo kwamba ni kazi yangu. Akajibu: "Nikisema leo watanifukuza. Ngoja kwanza wanizoee."

Papa anasema kurudisha mahari kwa sababu ya mashini ni aibu ambayo Birere nzima itaisikia. Juzi, mimi na mama tukichambua sombe, majani ya muhogo, yeye akasema bila kuinua macho: "Miye nilinyamazaka maisha yangu yote, nikasema ni heshima. Sasa sijui kama ilikuwa heshima."

Wateja wananipigia, siwajibu, sina cha kufanyia kazi. Jumapili familia yake inakuja kupanga siku ya ndoa. Wamemtumia papa habari njema, na papa amenipa huku anatabasamu: Ramazani ataniletea ile mashini kama zawadi ya arusi.

Msimtukane, tafadhali, bado ninampenda. Ila wataketi sebuleni kwetu, wataniuliza kama nimefurahi. Dada zangu, kaka zangu, niwajibu nini?