Weupe wa Namna Mbili

Wifi yangu hutengeneza maua, nami hukaa upande wa pili wa meza nikimvumilia. Ndivyo tunavyoishi tangu mume wangu aliponiingiza, miaka ishirini na minne iliyopita, kwenye nyumba ambayo dada yake alikuwa ameshaijaza mawaridi ya kitambaa mpaka juu ya friji. Nilikuwa bibi harusi mpya, nikitegemea kuulizwa habari za safari. Akaniambia, "Usikae hapo, utaniponda maua."

Ana ulimi, na yeyote aliyewahi kumchelewesha atakuambia. Lakini mikono yake! Anakata kitambaa bila kuchora, anakichovya kwenye maji ya wanga, na kikikauka anachukua kijiko alichokipasha moto jikoni, anakandamiza petali katikati mpaka inajikunja yenyewe. Halafu waya, uzi, tone la gundi, utepe wa kijani. Anamaliza waridi zima mimi bado natafuta mkasi. Hakuolewa, hakuzaa, ila mdogo wake, yaani mume wangu, alisomeshwa na maua hayo tangu darasa la kwanza. Kazi nyingine haijui wala hajawahi kuitaka.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukata utepe na kunyamaza. Kufunga ua sikuruhusiwa. "Vidole vyako vinene," alisema mwaka wa kwanza, na hukumu hiyo haikuwa na rufaa.

Mwaka jana nikaona jambo. Alikuwa anafunga waridi jeupe, akatia petali mbili za krimu katikati, akalisogeza karibu na pua, akaridhika. Nikadhani ni ubunifu. Siku ya pili akafanya vilevile, na ya tatu. Ndipo nikaelewa kwamba macho ya wifi yameingia ukungu, na kwake nyeupe na krimu zimekuwa kitu kimoja.

Sikusema. Ningeanzia wapi? Umwambie mtu kama yule kwamba haoni rangi, si bora umwambie aende akalale moja kwa moja? Kwa hiyo kila asubuhi akiwa bafuni nikawa natenga petali, nyeupe kwenye sinia, krimu kwenye beseni. Na nikiiona petali ya rangi isiyofaa inaelekea kwenye ua, naiangusha kwa kiwiko kama bahati mbaya, naitwa mzembe. Mwaka mzima nimetukanwa kwa kutenda wema, na mimi si mtu mwema kiasi hicho.

Kisha binti yangu akajifungua, nikasafiri siku nne kwenda kumsaidia. Wifi akabaki peke yake na oda kubwa: tao la mlango wa ukumbi wa harusi, mawaridi mia tatu, meupe tupu. Nilitaka kuahirisha safari. Akanifukuza. "Nenda kamwone mjukuu. Kwani kukata utepe kunahitaji digrii?"

Nilirudi Jumamosi saa moja asubuhi. Tao lilikuwa limeegemezwa ukutani sebuleni, limemalizika, na mwenyewe amesimama pembeni amejifunga kanga kiunoni, kajaa raha. Nikalitazama tao. Lilikuwa na mabaka. Hapa meupe, pale krimu, kwingine ua moja lina zote mbili. Gari la kulichukua lilikuwa linakuja saa nne.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Sema basi, mara moja katika maisha yako."

"Wifi, si meupe yote."

"Unasemaje?"

"Kuna krimu. Nyingi. Umechanganya."

Akacheka. Akachomoa ua moja, akaenda nalo dirishani, akaligeuza, akalisogeza, akalirudisha mbali. Kicheko kikaisha.

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa."

"Na wewe ulijua." Akafikiri. "Kumbe ndiyo maana ya kile kiwiko chako."

"Ndiyo, wifi."

Nilisubiri matusi. Hayakuja, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Akaketi kwenye kiti chake, akavuta uzi. "Basi usinitolee macho. Fungua waya. Nitajie lipi ni lipi."

Kuanza upya hakukuwezekana, kupanga upya kuliwezekana. Nikawa nachomoa na kutaja: jeupe, krimu, mchanganyiko. Yeye akaamua: meupe yakae juu, yaliyochanganyika katikati, krimu yashuke hadi miguuni mwa tao. Alifunga kwa kupapasa, haraka kama siku zote, lakini mia tatu ni mia tatu. Saa tatu ilipogonga akanisukumia uzi.

"Funga na wewe."

"Na vidole vyangu vinene?"

"Funga, mwanamke, acha maneno."

Nikafunga. Machache yalikaa kombo, akayagusa, akayaacha.

Mama wa bibi harusi alifika na dereva. Alilitazama tao juu mpaka chini. "Mimi nilisema meupe tupu," akasema taratibu. Akalisogelea. "Ila hivi yanavyobadilika kidogo kidogo kushuka chini... Ni mtindo mpya huu?"

Uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni mwangu. Nilivuta pumzi niseme ndiyo, mtindo mpya, unapendwa sana siku hizi.

"Si mtindo," wifi akasema. "Macho yangu hayatofautishi tena nyeupe na krimu. Nimekosea mimi. Aliyeokoa kazi ni wifi yangu huyu. Ukilikataa, una haki."

Sijawahi kumsikia akinitaja mbele ya mteja. Yule mama alitutazama sote wawili, akashika ua moja, akaliachia. Akamgeukia dereva. "Libebe polepole, lisikwaruze mlango."

Gari lilipoondoka sebule ikabaki tupu, mabaki ya utepe yamezagaa sakafuni. Nikaanza kufagia ili nipate pa kuficha uso.

"Jumatatu unipeleke hospitali ya macho," wifi akasema nyuma yangu. "Sitaki kwenda na mdogo wangu. Twende wewe na mimi."

"Tutakwenda."

"Naogopa."

Nikaweka ufagio chini. Nikamwambia hata mimi naogopa, tangu mwaka jana, kila asubuhi. Akasogeza kiti chake, nikapata nafasi ya kukaa upande wake wa meza.