Tembo wa Gambuti

Jumamosi ya pili ya mwezi huu tulimzika Senge, dada mkubwa wa baba yangu. Tulipokuwa tukikunja nguo zake katika chumba chake kule mtaa wa Huruma, mdogo wangu Jepkoech alifungua sanduku la nyuzi, na harufu ya mafuta taa ikatoka. Mtu mwingine angedhani taa ilimwagika humo. Sisi wawili tulitazamana tu.

Karatasi ukiipaka mafuta taa kidogo kwa pamba, inaonyesha kilicho chini yake. Unaiweka juu ya picha, unafuata mistari kwa biro. Hivyo ndivyo Senge alivyopata maua na bata wa kushona kwenye vitambaa vyake vya makochi, ambavyo karibu kila nyumba ya ploti yetu ilikuwa navyo.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, Jepkoech mitano. Mguu wake uliovunjika ulikuwa umeunga vibaya, na daktari alisema lazima uvunjwe tena unyooshwe. Jepkoech hakuogopa kisu. Aliogopa mlango wa chumba cha upasuaji, kwa sababu aliambiwa hakuna mtu wa nyumbani anayeruhusiwa kuupita. Kila tulipomtembelea wodini aliuliza nani ataingia naye. Siku moja nikamwahidi tembo. Sijui kwa nini tembo. Labda kwa sababu ni mkubwa. Alikubali, ila kwa sharti kwamba tembo avae gambuti nyekundu za mvua kama zake. Senge akasema atamshona kwenye foronya. Kazi yangu ilikuwa kuleta picha nzuri.

Picha nzuri ni kazi, nawaambia. Ya kwanza niliikata kwenye karatasi ya biskuti. Senge aliipeleka dirishani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema mistari ni myembamba. Ya pili niliitoa kwenye kalenda ya zamani, akasema imefifia. Nikaenda saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia. Kijana wa pale alinionya kwamba ile niliyochagua ni ndogo, nikiivuta itaharibika, lakini mimi nilikuwa nimeshampenda yule tembo. Tembo akatoka kwenye printa ukurasa mzima, amejaa miraba kama ukuta wa matofali. Senge aliishika ile karatasi, akaipeleka dirishani nayo.

"Hii ni tembo ama ni sufuria?"

Nililia kwa hasira. Nilimwona ni mtu asiyeridhika, na operesheni ilikuwa Ijumaa.

Kesho yake akanishika mkono tukaenda soko la mitumba. Nilidhani amekata tamaa, anataka kumnunulia mtoto sweta. Kumbe tuliinama kwenye rundo la nguo za watoto, tukageuza pajama moja baada ya nyingine. Mama Njeri, mwenye kibanda, aliuliza tunatafuta saizi gani. Senge akamjibu, saizi ya tembo. Walicheka wote wawili, na Mama Njeri akaanza kuchakura pamoja nasi. Chini kabisa tulimpata: tembo mnene kifuani mwa pajama, mistari yake myeusi, minene kama kamba ya kiatu. Senge alimzungushia kidole kuanzia mkonga hadi mkia.

"Huyu ndiye," alisema.

Mama Njeri alitupatia furushi tulifanye meza. "Chora hapo hapo, mama, lakini usinimwagie mafuta kwa nguo." Nilichora mimi, Senge akashikilia karatasi aliyoipaka mafuta taa.

Gambuti tulichora wenyewe nyumbani, kwa kutazama zile za Jepkoech. Zilikuwa mbili, na tembo ana miguu minne. Nikauliza ile mingine ivae nini.

"Hiyo iko ndani ya nyasi," Senge alisema, na ndivyo alivyoshona. Chini yake akaweka jina la Jepkoech kwa uzi mwekundu. Mimi nilimtungia sindano, kila uzi, nikijiona fundi. Yeye alishona polepole, mkono wa kushoto ukipapasa chini ya kitambaa.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa haoni kabisa, Mama alituambia kwamba macho ya Senge yalianza kuharibika hata kabla Jepkoech hajavunjika mguu. Hakutaka tujue. Wakati ule wote hakuwa akinikatalia picha. Alikuwa anatafuta tembo ambaye angeweza kumwona. Nashukuru kwamba alinyamaza. Ningejua, nisingemwomba, na Jepkoech angeingia peke yake.

Ijumaa ile manesi walikuja kumchukua Jepkoech na kitanda cha magurudumu. Alikuwa ameikumbatia foronya kifuani. Nesi mmoja aliitazama, akauliza tembo anaitwa nani, kisha akaacha ipite. Mlango ukafungwa. Senge alikuwa amesimama kando yangu, uso ameuelekeza mlangoni kama sisi sote. Akaniinamia sikioni.

"Ameenda nayo?"

"Ameenda nayo, Senge."

Akapumua, akashika bega langu, nikampeleka kwenye benchi.