Nilimsikiliza Mpaka Nikamfuta

Mimi ni mshenzi. Nianze hapo hapo, msije mkahangaika kunitafutia jina zuri.

Nyinyi mnaosikiliza redio hapa Kampala, mkimsikia mtangazaji anapandisha sauti na kusema wimbo fulani umekuwa namba moja kwa kusikilizwa na kupakuliwa mtandaoni, jueni kwamba mara nyingi msikilizaji mkubwa nilikuwa mimi. Mimi na simu kuukuu zilizopasuka vioo, nimezipanga kwenye mbao ukutani, chumbani kwangu Nakawa, zinapiga wimbo mmoja kutwa nzima huku sauti imezimwa. Hata mimi sikuwa nausikia! Nilikuwa nakula chapati.

Wafanyakazi hewa mnawajua. Mimi nilitengeneza wasikilizaji hewa. Wasanii walikuja wamevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, wanaongea Kiingereza cha puani, halafu wananong'ona: nipandishe. Niliwadharau wote. Mtu anajinunulia makofi, na akitajwa redioni analia machozi ya furaha! Tena anamshukuru Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyezichaji zile simu.

Sasa, kulikuwa na msichana mmoja, tumwite Akello, ingawa si jina lake. Binti wa afande marehemu, amekulia kambi ya polisi, ni msusi. Mimi nilikuja kutoka Bukavu sina mtu, na mama yake alinilisha kabla hajanijua jina. Akello akawa dada yangu wa mjini.

Akarekodi wimbo kwa Kiswahili kile cha kambini, kuhusu mke wa askari anayepiga pasi sare za mume ambaye hajarudi. Basi, hakuna kingine ndani yake. Nikamwambia niuweke kwenye simu zangu, bure kabisa.

Alicheka. "Hapana, kaka. Hiyo simu yako haina maskio. Mimi nataka watu."

Ningemsamehe kama wimbo ungeanguka. Haukuanguka! Wake za askari walitumiana, wakafuata Wakongo wenzangu wa saluni, wakafuata watu wa boda. Ukaingia kwenye chati, ukapanda mpaka juu kabisa, bila kupita chumbani kwangu.

Mnajua uliniuma wapi? Nilizoea kujigamba kwamba hakuna wimbo unaofika juu bila ruhusa yangu. Na huyu msusi ananionyesha kwamba watu wapo, wana masikio, na kazi yangu ni takataka! Badala ya kufurahi nilinuna kama mke mwenza.

Katika kununa huko akaja kijana mmoja, mtoto wa mkubwa, ambaye nilikuwa nimeshamfikisha namba mbili. Wimbo wake wote ni jina lake mwenyewe, analirudia kama anaogopa kulisahau. "Banange! Huyu msichana ya kambi iko juu yangu kwa nini?" akafoka. "Toa yeye!"

Alisema toa. Hakusema namna ya kutoa. Hiyo ilitoka kichwani mwangu, na sitamsingizia.

Kampuni za muziki mtandaoni huwinda wasikilizaji hewa. Zikiwanasa haziulizi nani kawaleta, zinamfuta msanii. Ndiyo maana wateja wangu niliwapandisha kwa adabu: simu inapumzika, inabadilisha wimbo, inajifanya binadamu. Kwa Akello niliondoa adabu makusudi. Simu zote, wimbo ule mmoja, bila kupumzika, ili harufu izifikie zile kampuni.

Mchana mmoja akaingia bila hodi, kama kawaida yake, ameshika bakuli la mboga kutoka kwa mama yake. Akasimama mlangoni. Ukuta mzima ulikuwa uso wake, picha ile ile kwenye kila simu, na kimya.

Nikajua nimekwisha! Lakini aliweka bakuli chini, machozi yakamlenga. "Kaka, si nilikataza wewe? Kumbe unanisaidia kimya kimya!"

Wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Ndiyo, dada. Nisamehe." Akanisihi nizime. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Alipotoka nilikula ile mboga, na simu nikaziacha ziendelee.

Wiki haikuisha. Wimbo ukafutwa, na nyimbo zake nyingine zote, na akafungiwa asiweke tena. Watangazaji wanaokula bahasha za wateja wangu wakahubiri kuhusu uaminifu! Walipomhoji, angeweza kunitaja. Akasema, "Ilikuwa makosa ya mtu mwenye ananipenda. Mimi hapana taja yeye." Kwao hiyo ikawa ameungama.

Na watu nao! Watu waliolia kwa wimbo ule, kwa masikio yao wenyewe, wakaanza kusema kumbe haukuwa mzuri kihivyo. Kisa, umetoka kwenye chati. Wateja wake wakahama hata kwenye kusukwa, eti hawataki mikono ya mwizi.

Yule kijana akawa namba moja. Akafanya onyesho kule Port Bell, nami nikaenda. Akawanyooshea watu kipaza sauti waimbe kiitikio, na hakuna aliyekijua. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Akello haimbi tena. Juzi mama yake aliniita chakula, nikaenda najua wamegundua, na nilishajiandaa kutukanwa. Mama akanikalisha kwenye kiti cha marehemu mzee, ambacho hakikaliwi na mtu, akaniwekea mkono kichwani. "Mtoto yangu, Akello ameniambia yote. Mapenzi ilikuzidi. Sisi hapana kasirikia wewe."

"Kula, kaka," Akello akasema. "Umekonda sana."

Wamenisamehe kosa ambalo sikulifanya! Mdomo niliufungua niseme ukweli, naapa. Nikatia tonge.

Vijana mnaoanza kukusanya simu mbovu muingie kazi hii, acheni. Utawacheka wasanii, utawacheka watangazaji, utawacheka wasikilizaji, na siku atakapotokea mmoja asiyechekesha utamfuta kwa sababu anakuaibisha. Na nyinyi mnaongoja chati iwaambie mnapenda nini, endeleeni kungoja. Mnastahili yule kijana na jina lake.

Kama umeitambua habari hii na unamjua huyo msichana, mwambie wewe. Usiningoje mimi. Jumapili nimealikwa tena, na kiti kile wameshasema ni changu.