Benchi la Treni ya Taveta

Mimi televisheni siiamini, na sijawahi kuficha. Mtu analia huku amepakwa poda, mimi nimwonee huruma ya nini? Lakini jirani yangu Mzee Thadeus aliiamini yote, kuanzia taarifa ya habari hadi tangazo la sabuni, kwa hiyo kila asubuhi tulikuwa na la kubishania. Yeye ana duka la vitu vikuukuu hapa Voi, upande wa stesheni ya zamani. Mimi nakaanga mahamri mlango wa pili.

Duka lenyewe ni banda la mabati. Ndani mna karabai zisizowaka, pasi za makaa, redio za mbao, na mizani moja ambayo haijasema kweli tangu niijue. Zamani alikuwa akivitafuta mwenyewe, anakwenda hadi Kishushe na Makwasinyi, anabisha hodi nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna kitu cha babu kimesahauliwa ghalani. Magoti yalipogoma, akabaki kungoja wenye mikokoteni ya vyuma chakavu wamletee. Wateja ni wa kubahatisha. Siku nyingine anayeingia huwa anauliza choo kiko wapi.

Mkewe Jedidah alipofariki, binti yao Sharon alikuja kutoka Nairobi na televisheni na king'amuzi, akavifunga mwenyewe, akamfundisha babake vitufe. Upweke ni uvundo, na yule binti aliuona mapema. Ila televisheni haikuulizi kama umekula. Mzee aliitazama mpaka akagundua kipindi cha Wazungu wanaozunguka kwenye maghala ya watu, wananunua vitu vya kale na kuviuza tena, na kutoka siku hiyo hakutaka kingine.

Nilimwambia, "Baba, wale wanaigiza. Mtu gani hukuta hazina kila stoo anayoingia?"

"Si hazina naangalia, Mama Ridha," akanijibu. "Naangalia vile wanauliza. Kule mtu hawezi uza kiti bila kuulizwa hiyo kiti ilikuwa ya nani. Hapa wananiuliza tu mwisho ngapi."

Hapo alikuwa na haki.

Basi mlangoni pa duka lake palikuwa na kitu kimoja kisichouzwa. Ni benchi la mbao la behewa la daraja la tatu, la ile treni iliyokuwa ikitoka Voi kwenda Taveta. Ujanani alikuwa kibarua kwenye mkonge, na siku moja alipanda treni Maktau ili ashuke Mwatate. Pale Bura akaingia msichana na kapu la mapera, na nafasi ilikuwa moja tu, ubavuni mwake. Mwatate ikafika, ikapita, yeye bado amekaa. Alishukia Voi, hana shughuli Voi, akambebea kapu. Miaka mingi baadaye mabehewa yalipokuwa yakivunjwa alikwenda kuomba benchi moja. Kama ndilo lile lile hakujua. Alisema atalichukulia kuwa ndilo.

Kila jioni wakifunga duka walikaa hapo, Jedidah upande wa barabara na mzee upande wa ukuta. Alipokufa Jedidah, mzee aliendelea kukaa upande wa ukuta. Mara moja nilijisahau nikapumzisha miguu yangu pale upande wa pili. Hakuniambia ondoka, alisimama tu, akaanza kupanga pasi ambazo zilikwisha kupangwa. Sikukaa tena.

Kisha kikazuka kipindi cha hapa kwetu, Dhahabu ya Stoo, kinachofuata mtindo wa wale Wazungu. Binti mmoja wa kipindi hicho, jina lake Shanice, alipita Voi, akaona kibao cha duka, akapiga simu. Mzee alikuja kunionyesha simu kana kwamba sauti ya binti bado imo ndani. Kwa wiki nzima alifagia. Alizipiga pasi msasa, akazipaka mafuta. Siku yenyewe akavaa koti lake la kanisani.

Wakaja na lori na kamera, na kijana mtanashati mwenye kofia aitwaye Derrick, ndiye mnunuzi. Jambo la kwanza Shanice aliuliza vumbi limekwenda wapi. Akaambiwa limefagiliwa. Akachota la barabarani kwa mikono yake akalipuliza juu ya pasi. Jambo la pili, walishusha kwenye lori lao gramafoni na kasha la Lamu, kasha ambalo lilikuwa bado linanuka vanishi, wakavificha pembeni ya duka nyuma ya magunia. Halafu Derrick akaingia, akafunua gunia, akashtuka. Akaambiwa ashtuke tena, taa haikukaa vizuri. Akashtuka vizuri zaidi.

Mimi nilikuwa nimeshika tumbo kwa kicheko. Mafuta yangu yaliungua.

Derrick akanunua pasi ya makaa. Walivutana bei, wakapeana mikono, pesa zikatoka, zikahesabiwa mbele ya kamera. Kamera ilipozimwa Shanice akazichukua zile pesa na pasi ikarudishwa rafuni. Mzee akauliza, "Sasa nimeuza ama sijauza?"

"Hapana, guka," Shanice akamwambia kwa upole, ndivyo kwao wanavyomwita babu. "Hiyo ni ya kamera tu."

Ikawa hivyo kwa redio na kwa ile mizani. Anatoa mkono, wanaushika, halafu kitu kinarudi mahali pake. Mzee alikuja upande wangu kunywa maji. Uso ulikuwa umemshuka.

"Ulisema," akaniambia.

"Nilisema," nikamjibu. Nilikuwa nimefurahi, sitadanganya.

Jua lilipokuwa kali Derrick alitoka nje kutafuta kivuli, akakaa kwenye lile benchi, upande wa barabara. Nikamwona mzee anaanza kusimamasimama. Kijana akaipapasa ile mbao, akainama kuitazama chini, kisha akamwita mwenye kamera. "Hii sasa ndiyo story," akasema. "Mzee, hebu kaa hapa. Hii ilikuwa ya nani?"

Ndilo swali alilolingoja mzee miaka yote hiyo. Alikaa upande wa ukuta akalijibu lote. Maktau, Bura, mapera, Mwatate iliyopita. Alieleza Jedidah alivyokuwa akihesabu mabehewa ya mizigo kwa kidole, na alivyougua, na alivyoomba asilazwe mbali na sauti ya treni. Mimi niliacha kukaanga. Hata Shanice, aliyekuwa akiangalia jua lisije likatoroka, aliacha kuangalia jua.

Derrick akamshika bega. "Pole sana, mzee. Nipatie bei."

Sasa hapa lazima nieleze, kwa sababu asiyewajua wazee hawa hataelewa. Sisi watu wa pwani kitu tusichotaka kukiuza tunasema hakiuzwi, tunakukaribisha kahawa, yakaisha. Thadeus na wazee wenzake wa kule Wundanyi hawamwambii mgeni hapana. Kwao ni kumfukuza. Wanamtajia bei ya mahari. Ukisikia mzee anakutajia ng'ombe, wewe cheka, msifu, uondoke. Umekwisha kukataliwa na hakuna aliyeaibika.

"Hiyo, kijana yangu," mzee akasema taratibu, "ni ng'ombe watano na beberu moja."

Sote tuliokuwa pale barabarani tulicheka. Mwenye mkokoteni alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Derrick peke yake hakucheka. Alimgeukia Shanice akamuuliza ng'ombe huku wanaenda pesa ngapi, wakanong'onezana, kisha akanyoosha mkono. "Sawa, mzee. Deal."

Mzee aliutoa mkono wake. Kwa nini asiutoe? Kutwa nzima alikuwa akiutoa, na kutwa nzima haukuwa na maana.

Vijana wakalibeba benchi wakalipandisha lorini. Mzee alisimama mlangoni akingoja walishushe, kama walivyorudisha pasi. Wakapandisha gramafoni. Wakapandisha kasha. Shanice akaja na bahasha, akaitia katika mfuko wa lile koti la kanisani. "Hii ni yako kabisa, guka. Ile benchi tumenunua."

Nilimvuta mzee pembeni. "Waambie!"

"Nimetaja bei, Mama Ridha. Na nimetoa mkono."

"Ulikuwa unakataa!"

"Mimi najua nilikuwa nakataa. Yeye hajui." Akalitazama lori. "Ahadi ni deni."

Nikaenda mwenyewe kwa yule Derrick, na mwiko wangu wa kukaangia mkononi, nikamweleza. Alinisikiliza, sitasema hakunisikiliza. Kisha akasema, "Mathe, si alitaja bei mwenyewe? Mbele ya kamera? Ningemlipa kidogo mngesema nimemwibia." Na kwa akili ya kwao alikuwa sahihi, na hilo lilinichoma zaidi ya yote, kwa sababu sikupata pa kutukana. Lori likaondoka. Lile vumbi la barabarani likabaki juu ya pasi.

Baada ya hapo mzee alikaa juu ya kreti ya soda, siku chache tu, halafu akahamia ndani. Jioni mlango wake ulikuwa ukifungwa mapema. Nilimpelekea kiti changu cha plastiki, akashukuru, akakiweka vizuri ukutani, hakukikalia. Bahasha sijui aliipeleka wapi. Nikipita nilisikia televisheni inaongea, na yeye kimya, na roho iliniuma kuliko siku za msiba wenyewe, kwa kuwa siku za msiba watu walikuwepo.

Kitu kimoja tu kilimshikilia. "Benchi imeenda," alikuwa akiniambia, "lakini maneno yangu wanayo. Watu watasikia habari ya Jedidah. Kenya nzima."

Sikubisha. Na mimi nilianza kuingoja hiyo siku.

Ikafika, Jumamosi alasiri. Mzee alinialika, nikaenda na mahamri na mbaazi. Alikuwa amempigia Sharon atazame huko huko Nairobi, na simu ameilaza mezani karibu yake. Alikaa kitandani, mimi nikapewa kiti.

Derrick akaingia kwenye duka lenye vumbi. Akafunua gunia, akashtuka. Mzee akacheka kidogo, akaniambia Jedidah angeshangaa wana gramafoni. Kisha likatokea benchi, na yeye mwenyewe amekaa upande wa ukuta na koti lake. Akasogea mbele.

Midomo yake ilikuwa inacheza kwenye kioo, lakini sauti haikuwepo. Paliwekwa muziki, na juu ya muziki Derrick anasimulia kwamba benchi hili lilikuwa la mlowezi mmoja tajiri wa mashamba ya mkonge, aliyewakalisha wageni wake barazani wakitazama machweo. Bura haikutajwa. Jedidah hakutajwa. Sauti ya mzee ilirudi mahali pamoja tu, "ng'ombe watano na beberu moja," na wakaongeza mlio wa ng'ombe, na kicheko cha watu nisiowajua.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa bado amesogea mbele, anangoja sehemu inayofuata.

Sehemu iliyofuata ilikuwa karakana huko Nairobi. Vijana waliovaa miwani walilipiga benchi msasa mpaka rangi yote ya zamani ikatoka. Wakalipima kwa futi, wakalichora mstari katikati. Kisha mmoja akawasha msumeno wa umeme akalikata. Kila nusu ikapata miguu mipya na mikono ya kuegemea, vikawa viti viwili vya mtu mmoja mmoja, vinang'aa. Kimoja kilinunuliwa na mwenye mkahawa, kingine na bibi mmoja wa ghorofani aliyekiweka dirishani na kukitilia mmea juu. Watu wakapiga makofi. Ikaisha, likaja tangazo la unga.

Unga ulipokwisha kupikwa mzee akaniita.

"Mama Ridha."

"Naam, baba."

"Hiyo gramafoni haikuwa yangu."

"Haikuwa yako."

"Na pasi walirudisha."

"Walirudisha, nimeona kwa macho yangu."

"Na hiyo mambo ya mzungu wa mkonge."

"Uongo mtupu."

Akajifuta mikono magotini, ingawa hamri lake hakuligusa. "Basi na hiyo msumeno," akasema, "hiyo nayo ni ya kamera tu."

Nilikuwa nimeona unga wa mbao ukimwagikia viatu vya yule kijana. Mbao ilikuwa nyekundu ndani.

"Ya kamera tu, baba," nikamwambia.

"Nilikuwa nafikiria hivyo," akasema. Simu ikaanza kuita pale mezani, jina la Sharon juu yake, na sote wawili tukaitazama mpaka ikanyamaza.