Posa ya binti yangu ilivyokwama kwa kipande cha jibini, Johannesburg

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika ni ya kweli, na wa kuchekwa ni mimi.

Kila mliponiuliza kwa nini posa ya Neema ilikwama, nilijibu: "Mambo ya vibali tu."

Uongo. Ilikwama kwa sababu ya jibini.

Ilikuwa 2017. Thabo, kijana wa mtaa wa Alexandra hapa Joburg anayemtaka binti yangu, alitualika lunch ili tufahamiane. Akatupeleka nje ya mji, kwenye pub iliyojifanya iko kijijini Uingereza. Jua kali, lakini ndani moto unawaka. Ukutani wametundika jembe lililopigwa vanishi. Kwetu Korogwe ukilipaka jembe vanishi, ndugu wanakuitia mganga.

Kwenye menyu nikaona "ploughman's lunch". Mimi na digrii yangu nikatafsiri: chakula cha mkulima. Nikajua huo ni mlima wa ugali.

Kikaja kibao cha mbao. Mkate, kitunguu cha siki, nusu tufaha na kipande cha jibini. Sahani nadhani zilikuwa zimeisha. Wakuu, huyo mkulima alikuwa analima nini, kucha?

Sasa mnajua desturi yetu. Chakula kikifika, unamwambia wa jirani "karibu", naye anajibu "ahsante, endelea". Hakuna anayekula. Ni salamu tu.

Nikamwambia Thabo, ambaye Neema alishamfundisha Kiswahili kidogo, "Karibu, baba."

Akasema, "Asante, Mama," akanyoosha uma, akala jibini. Lote! Kitu pekee kilicholika pale. Mkwe mtarajiwa, anakula chakula cha mama mkwe mbele ya macho yake!

Nikabaki na kitunguu.

Kwenye gari nikamwambia Neema, "Huyo hana adabu. Hapana."

Naye, mtoto wa Joburg, akanijibu kwa Kiingereza chake: eish, Mama, si wewe uliyesema karibu?

Nikanuna miezi. Neema akaacha kuja kwangu Jumapili.

Somo nililopata lina aibu, na nyie mkoment mnavyotaka, ila wanaume mliooa jueni mna kesi zenu pia kwa mama wakwe. Mwisho nilimpigia mama yangu Korogwe, nikiwa na hakika atanitetea.

"Ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha, mama, lakini ile karibu ya mdomoni."

"Akala?"

"Lote!"

Nikajua nimeshinda.

"Miaka yote unakaribisha watu huku unaomba wakatae," akasema. "Mungu kakupa mmoja aliyekuamini. Mwambie alete wazee wake."

Akakata simu.